Maneno ya Kushikilia

Mtu anayeandika nyimbo hapaswi kuishi na mtu anayesikiliza redio. Huo ni ushauri wangu, na nautoa bure. Mtunzi ninayemsimulia hapa aliupata kwa kuchelewa, saa moja na robo asubuhi siku ya Jumatatu, shati halijafungwa vifungo na mswaki ungali mdomoni.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, redio ndogo mapajani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefanyiwa upasuaji miezi miwili nyuma, na daktari alitaka akae penye mwanga, mbali na moshi na vumbi. Kiti kile ndicho pekee chenye mto katika nyumba ile ya vyumba viwili, na ndicho mtunzi alichokuwa akikalia kuandikia kabla mama hajaja kutibiwa. Alikuja kwa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwezi wa nane. Mtunzi alihamia jikoni, akawa anaandika amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hakuna siku hata moja aliyolalamika. Kwa mdomo, nasema.

"Na sasa," alisema mtangazaji, "wimbo mpya, wa moto, haujapoa hata kidogo! Sauti ni ya Jogoo mwenyewe..."

Mtunzi akatema povu la dawa ya meno, akaja mbio. "Mama, ongeza sauti! Huo ni wangu huo!"

"Wako kabisa?" mama mkwe aliuliza, akifurahi. Alizipenda nyimbo za mkwewe, na majirani wote aliwaambia ipi ni yake na ipi siyo.

"Neno kwa neno. Ngoja, nikuongezee mimi."

Hakuwa ameusikia ulivyorekodiwa. Siku ya studio alikuwa kliniki ya macho, amemshika mama mkono, wakisubiri foleni toka asubuhi hadi alasiri. Mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, tayari kwenda zamu. Gitaa likaingia taratibu, tamu. Halafu Jogoo akafungua kinywa:

*Mama mkwe, utarudi lini?*
*Kiti changu umekikalia...*

Mtunzi akairukia redio. Akashika kitufe, na kwa kuchanganyikiwa akakizungusha upande usio wake, kwa hiyo kiitikio kilisikika mpaka nyumba ya nne. Alipopata kuizima, nyumba ilikuwa kimya, ila kuna mtu nje aliyekuwa anacheka.

"Ndio huo?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, hapana. Yaani ndio, lakini hapana."

"Umesema neno kwa neno."

Akainuka polepole, akashikilia ukuta, akaenda kukaa kwenye mkeka karibu na mlango. Siku zote alimwita mkwewe *mwanangu*. Safari hii alisema, "Kiti chako hicho, bwana mtunzi."

Mkewe akaweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeogopa mkono wake mwenyewe. "Wewe," alimwambia mumewe, "toka. Nenda kazini. Sitaki nikuulize nikiwa na maji ya moto karibu."

Hapa lazima nieleze jambo la kazi, la sivyo mtamwona mtunzi ni mshenzi, na mshenzi si yeye.

Mara nyingi wimbo huanza na gitaa. Mpiga gitaa hupata sauti, akaicheza tena na tena, na mtunzi hukaa mbele yake akitafuta maneno yatakayoenea. Sauti haisubiri, inaweza ikakimbia na isirudi tena. Basi mtunzi huimba chochote kinachomjia, mradi mizani itimie: majina ya vyombo, matusi madogo, vitu vya dukani. Hayo wao huyaita maneno ya kushikilia. Yanashikilia nafasi mpaka maneno yenyewe yafike, kisha hutupwa. Siku ya kuutunga wimbo huu, mpiga gitaa aliyarekodi kwenye simu, ili Jogoo ajifunze sauti. Maneno yenyewe, yaliyofikiriwa wiki nzima, mtunzi aliyaandika kwenye daftari, akalikabidhi kwa bendi. Daftari likasahauliwa ndani ya mfuko wa gitaa. Simu ikafika studio.

Na mtunzi, aliyewahi kuandika nyimbo ishirini na sita, kumi na moja kati yake zikiwa zimeimbwa na watu wasiomjua hata kwa sura, hakuwepo studio kusema neno.

*

Chumba cha mazoezi cha bendi kilikuwa juu ya karakana ya seremala wa vitanda. Mtunzi alipanda ngazi akihema, vumbi la mbao likimkaba. Jogoo alipomwona alimkumbatia.

"Bwana mkubwa! Umetuua! Toka asubuhi wameupiga mara sita!"

"Yale hayakuwa maneno!"

"Hayakuwa maneno?" Jogoo alimgeukia mpiga gitaa. "Mbona mimi nimeyaimba?"

"Ni ya kushikilia, ndugu yangu! Maneno yalikuwa kwenye daftari!"

Mpiga gitaa, mtu mzima mwenye aibu, akafungua zipu ya mfuko wake, akatoa daftari, akalitazama kama vile limemsaliti. "Kumbe lilikuwa humu," alisema. "Mimi nilidhani safari hii umeamua kusema ukweli."

Jogoo akalichukua, akasoma kwa sauti: "*Ua langu, utarudi lini, moyo wangu waumia ndani.*" Akalifunga. "Kaka, tuseme tu ukweli. Maua yameshaimbwa mpaka yamenyauka. Afadhali sikuliona."

Neno hilo lilimchoma mtunzi kuliko mengine yote, kwa sababu alijua ni kweli. "Uondoeni redioni," alisema.

"Maji yakimwagika hayazoleki. Wenye kumbi wananipigia simu. Kuna mwanamke amenipigia analia kwa kucheka, anasema mama mkwe wake ana mwaka wa tatu kwake."

"Wangu ana miezi minane, na sasa hivi amekaa kwenye mkeka."

Jogoo akaacha kucheka. Alikuwa na mama mkwe yeye pia.

*

Jumanne mtunzi aliomba radhi kwa ufasaha. Alipanga maneno vizuri, yakawa na mwanzo na mwisho, na katikati akataja fadhila za wazazi. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Muuza samaki hanilipi deni kwa samaki aliyeoza. Maneno ni biashara yako. Mimi usinipe hayo."

Kazini kwake, duka la kuchapisha kadi na risiti, wenzake walimwekea kiti katikati ya chumba na karatasi juu yake: *Usikalie, kina mwenyewe.* Akacheka nao. Angefanya nini? Mkewe naye alirudi kutoka wodini amefura. "Wenye uchungu wanauimba," alisema. "Wenye uchungu! Mwanamke anasukuma mtoto huku anauliza mama mkwe atarudi lini. Nikaambiwa, 'Sista, si ndio wa kwenu huu?'"

"Ukasema nini?"

"Nikasema sukuma."

Jumatano ndiyo iliyoharibu. Mama mkwe alitoka mwenyewe, na fimbo yake, kwenda duka la pembeni kununua sabuni. Alijivunia kutoka mwenyewe, ilikuwa mara ya tatu tu tangu jicho lifunguliwe. Palikuwa na wateja watano. Mwenye duka, kijana mchangamfu asiye na ubaya wowote, akavuta stuli, akaipangusa kwa kitambaa, akasema, "Karibu kiti, mama. Hiki hakina mwenyewe."

Waliangua kicheko wote watano. Mama mkwe naye akatabasamu, kwa sababu mtu mzima hapigi kelele dukani. Akalipa, akasahau chenji, akarudi nyumbani akipapasa ukuta kwa mkono ijapokuwa alikuwa anaona. Sabuni aliishika kwa nguvu mpaka ikabonyea.

Akampigia simu mwanawe mkubwa. "Njoo unichukue Jumamosi," alisema.

Kwa yule mkubwa ndiko alikotokea. Nyumba ya huko ilikuwa kubwa, ina maji ndani, na mke wa mwana huyo alikuwa amelitia kufuli kabati la sukari, akisema ni kwa ajili ya panya. Panya gani anayefungua kabati, mama hakuuliza. Mkewe mtunzi aliposikia habari ya Jumamosi aliingia chumbani, akafunga mlango, akalia.

"Nilimtoa kule kwa ugomvi," alimwambia mumewe. "Niligombana na kaka yangu mbele ya watu. Sasa mama anarudi kwenye kufuli kwa sababu ya wimbo. Mrudishie mama yangu moyo. Sijui utafanyaje. Wewe ndiye mwenye akili ya nyimbo."

*

Alhamisi alijaribu tena, mara hii kwa kujitetea, na kujitetea ndiko kulikomkaanga.

"Mama, nielewe. Yale ni ya kushikilia tu, hayana maana. Ningeweza kuimba meza. Ningeweza kuimba kijiko, au mbuzi."

"Mbona hukuimba mbuzi?"

Mtunzi akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Mtu akitaka neno la haraka," mama mkwe alisema, "hutoa lililo karibu. Ukijikwaa kidole, hulitafuti tusi kwenye kamusi. Linatoka lililopo."

Mtunzi alikwenda kazini, akakata kadi za harusi mia mbili, thelathini kati yake akazikata vibaya. Kila alilofikiria kusema lilikuwa ni kupaka rangi ukuta uliopasuka. Miaka ishirini ya kutunga ilikuwa imemfundisha kuutambua ubeti wa uongo akiusikia, na beti zote alizokuwa akimpelekea mama mkwe zilikuwa za uongo.

Ijumaa akaomba ruhusa saa sita. Alimkuta mama anakunja nguo, mfuko wa safari uko wazi mlangoni. Mkewe alikuwa zamu. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, hakuna aliyekikalia tangu Jumatatu, hata kwa bahati mbaya. Mtunzi akakaa sakafuni, akaegemea ukuta.

"Nilichoka," alisema.

Mama aliendelea kukunja.

"Siku ile nilipotunga yale, mgongo ulikuwa unaniuma kwa sababu ya ndoo. Nilikuwa nimekuja mara tatu kuchungulia kama umetoka kwenye kiti. Hujatoka. Nikakasirika. Nikakuonea wivu, mtu mzima mimi, nikamwonea mgonjwa wivu wa kiti. Nikaenda kwa mpiga gitaa nikayatoa yote pale, nikijua hakuna atakayesikia. Ndio ukweli. Sikutaka uondoke. Nilitaka kiti."

Blauzi ilibaki mikononi mwa mama mkwe. "Haya," alisema. "Sasa umesema."

Akaketi kitandani, miguu ikining'inia. Aliposema, alisema kwa hasira, si kwa huzuni.

"Unajua mimi nilikuwa nani? Mpishi mkuu, shule ya bweni. Miaka thelathini. Watoto mia tatu wanakula kwa saa, na mwalimu mkuu ananiogopa. Sasa hapa nikishika ufagio, 'Mama, kaa.' Nikishika kisu nikate kitunguu, 'Mama, kaa, jicho hilo.' Binti yangu mwenyewe, mke wako, kila saa, 'Mama, kaa.' Nimekaa! Nimekaa mpaka makalio yameota mizizi! Halafu nafungua redio naimbwa kwa kukaa!"

Mtunzi alitaka kujizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani. Mama mkwe alimkazia macho, lile zima na lile linalopona, na kona ya mdomo wake ikaanza kumsaliti.

"Unacheka?"

"Mama, hiyo ya mizizi..."

"Inafaa?"

"Inafaa mno. Lakini haienei, ina silabi nyingi."

Mama mkwe akaitupa blauzi juu ya mfuko. "Radhi zako sizitaki," alisema. "Wimbo hujibiwa kwa wimbo. Mtu amekuimba, unakwenda kumshitaki kwa nani? Unamwimba. Chukua kalamu, mwanangu."

*

Wakaketi jikoni, yeye juu ya ndoo, mama kwenye stuli iliyoazimwa kwa jirani, kando ya meza. Mtunzi, akiwa bado na haya, akaanza kwa upole:

"*Mkwe wangu, samahani sana, wewe ndiwe taa ya...*"

"Acha. Hiyo kachape kwenye kadi. Nani anajibu hapo, mimi au wewe?"

"Wewe, mama."

"Basi mbona naomba samahani mimi? Nimekosa nini?" Akagonga meza kwa vifundo vya vidole, akipima. Alikuwa amepima chumvi ya watoto mia tatu bila mizani, na silabi kumi zilikuwa jambo dogo kwake. Akasema, kila silabi na pigo lake:

"*Nimekaa, tena siondoki. Mke wako nimekuzalia.*"

Mtunzi akashusha kalamu. Kumi na kumi. Na kina kimeangukia palepale pa ule wa kwanza. Katika kazi yake yote, mistari iliyomjia safi namna ile angeweza kuihesabu kwa mkono mmoja na vidole vikabaki. Alisikia wivu kwa mara ya pili, na huu ulikuwa mtamu.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Iko karibu," alisema mama mkwe. "Andika. Sasa nataka la kukoroma kwako."

"Mimi sikoromi!"

"Andika!"

*Wakoroma, nyumba yatetema,*
*Nani kati yetu kaumia?*

Mkewe mtunzi aliporudi jioni alisikia kelele tangu barabarani, akadhani wamefikia kupigana. Alipanda ngazi za mlangoni mbilimbili. Akawakuta mumewe anapiga sufuria kwa mwiko, mama yake amesimama ameshika kiuno, wanabishania mstari unaomtaja mwanamume anayekausha soksi kwenye dirisha la jikoni.

"Hiyo iacheni," alisema mtunzi. "Nina heshima yangu mjini."

"Heshima uliifikiria Jumatatu?" mama mkwe alimjibu.

Muuguzi akavua viatu, akakaa kwenye kizingiti, akataka aimbiwe toka mwanzo. Waliimba. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa sare yake ya kazi, halafu macho yake yakaangukia mfuko wa safari.

"Mama," alisema polepole, "unaimba siondoki, na mfuko uko mlangoni?"

Mama mkwe akageukia dirisha. "Hayo ni ya kushikilia tu," alisema.

"Mtu akitaka neno la haraka," mtunzi alimwambia, "hutoa lililo karibu."

Mama mkwe akachukua mwiko, akauosha, ijapokuwa ulikuwa safi, na safari hii hakuna aliyemwambia akae.

*

Jumamosi saa nne walikuwa juu ya karakana ya vitanda, watu wote. Mama mkwe alipanda ngazi kwa fimbo, miwani mikubwa ya giza usoni kwa ajili ya vumbi, na bendi nzima ikasimama kama darasa. Jogoo alikuwa na lake tayari: akainama, akaomba radhi, akaleta kiti.

"Kiondoe," mama alisema. "Nani aliyeomba kiti?"

Jibu lilikuwa la mwanamke, kwa hiyo aliimba dada mwitikiaji wa bendi, mwenye sauti nzuri na adabu nyingi. Aliimba mara ya kwanza, na mpiga gitaa akatikisa kichwa kwa utamu. Mama mkwe akanyoosha mkono.

"Binti, unambembeleza nani?"

"Samahani, mama?"

"*Mke wako nimekuzalia.* Hapo hubembelezi. Hapo unamkumbusha. Hujawahi kumkumbusha mtu kitu? Simama vizuri. Na wewe wa gitaa, hapo mwishoni nyamaza kidogo. Neno linapita, mpishe."

Mpiga gitaa akalipisha neno. Dada akakumbusha. Lilipotoka, seremala na watu wake kule chini waliacha misumeno, na mmoja akapiga ukelele, "Mwambieee!" Mtunzi alikuwa kwenye kona anacheka, akijua kwamba kuanzia wiki ijayo mji mzima utamuuliza habari ya soksi zake, na wenzake wa kadi watamtundikia jozi nzima ukutani. Moyo wake ulikuwa mweupe. Aliandika juu ya karatasi ya maneno, mahali pa mtunzi, *Mama*, akafikiri, akaacha hivyohivyo bila kuongeza la kwake.

Honi ikalia nje. Ikalia tena. Mkewe mtunzi akaja kutoka chini, akihema.

"Mama, kaka amefika. Ameshapita nyumbani, mfuko wako ameutia garini. Anasema ana haraka, ushuke."

Gitaa likanyamaza. Wote wakamtazama mama mkwe. Alikuwa katikati ya chumba, fimbo ameitia kwapani, karatasi ameiinua karibu na lile jicho jipya, akisoma mstari wa soksi.

"Mwambie autoe garini," alisema bila kuinua kichwa.

"Na akiuliza kwa nini?"

"Mwambie niko kazini." Akagonga meza iliyokuwa kando yake kwa vifundo vya vidole, mara kumi. "Haya, wanangu. Ubeti wa pili, toka mwanzo."